Mistari miwili imetoka na badala ya kufurahi nalia

Karibuni tena kwenye ukurasa wa maswali yenu. Leo nimeacha mada zingine zote nimechukua barua tatu tu, maana zote zinazunguka jambo moja, ujauzito unaokuja baada ya ule uliotunga nje ya kizazi na hofu inayokuja nao. Ya kwanza nimeijibu kirefu kuliko kawaida yangu, nimeisoma mara nne na kila mara nikashindwa kuifupisha.

SWALI

Shikamoo dada nesi, naomba jina langu usiliweke. Miezi 14 iliyopita nilibeba mimba ikatunga kwenye mrija wa kulia ila hakuna aliyejua. Nilikuwa na maumivu ya upande mmoja na damu kidogo nyeusi nyeusi, nikaenda kituo kimoja nikaambiwa hayo ni mambo ya mimba changa, nikapewa dawa ya maumivu nikarudi nyumbani. Siku mbili baadae niko bafuni bega likaanza kuniuma, yani bega, najiuliza nimelalia vibaya au vipi, mara nikaona kama taa inazimwa nikaanguka. Kuja kushtuka niko wodini nimeshapasuliwa, mrija umetolewa na nimeongezewa damu chupa 2. Ilikuwa wiki ya 7.

Sasa dada nina mimba tena, leo natimiza wiki 5. Tulikuwa tunaitafuta, sio ya bahati mbaya, ila mistari miwili ilivyotoka nilikaa chini sakafuni nikalia mpaka mume wangu akadhani nimeona damu. Tangu siku hiyo sijielewi. Napima mkojo mara 3 kwa siku, vipimo nimevipanga dirishani kwa tarehe naangalia kama mstari unakolea. Kila nikienda chooni naangalia tishu kwenye mwanga, na chooni naweza kwenda hata mara 15. Nasikia vichomi upande wa kulia, kulekule ambako hamna mrija. Usiku nasachi kwenye simu mpaka saa tisa. Kuoga siwezi kufunga mlango, lazima uwe wazi na mume wangu awe anasikika.

Nimepima damu ya homoni ya mimba mara mbili, ya kwanza 210, baada ya siku mbili 452. Dokta kasema inaridhisha na kanipangia ultrasaundi nikifika wiki 6 na siku 3, yani bado siku 10. Siku 10 dada! Nikafanye ultrasaundi kesho sehemu nyingine nijue moja? Mama ananiambia niache kuwaza maana mawazo yangu yanamdhuru mtoto, sasa hapo ndo nawaza zaidi, ni kweli? Na nikiogopa hivi ina maana mwili unajua kitu?

Mwenye Mrija Mmoja

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Pole sana kwa yaliyokukuta bafuni, na pole kwa ile siku uliyoenda kuomba msaada ukarudishwa na vidonge. Naanzia hapo makusudi, maana nikisoma barua yako naona hofu mbili zimefungwa kwenye kanga moja. Ya kwanza ni kwamba mimba itatunga nje tena. Ya pili ni kwamba utasema unaumwa na hutaaminiwa tena. Hiyo ya pili hakuna kipimo cha damu kinachoigusa, ndo maana dokta kukwambia inaridhisha hakukukutuliza hata lisaa limoja, na mi sioni kama hapo umekosea kitu.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza kwa sababu naamini ndo linalokukesha. Hofu yako haijui kitu kuhusu mimba hii. Inakumbuka ile. Inakumbuka bega, bafu na taa kuzimika. Waswahili wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe uliumwa haswa, ulikaribia kufa, sasa mwili umejikuta tena kwenye mimba changa umeshtuka kabla hata hujaangalia ni nini. Sikwambii nyoka hayupo, hilo ni la vipimo kusema, nakwambia kushtuka kwako sio ushahidi kwamba yupo.

Na hauko peke yako, mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London na KU Leuven walitoa utafiti waliofuatilia wanawake zaidi ya 650 waliopoteza mimba changa au waliopata mimba nje ya kizazi. Mwezi mmoja baadae 29% walikuwa na dalili za kiwewe, ile hali wanayobaki nayo watu waliotoka kwenye ajali mbaya, picha kurudi, ndoto, kukwepa sehemu tukio lilipotokea. 24% walikuwa na wasiwasi wa kati hadi mkali. Miezi 9 ikapita, bado 18% walikuwa na kiwewe na 17% wasiwasi. Kwa hiyo huo mlango wa bafu usiofungika sio kudeka na wala sio upungufu wa imani, ni kidonda, na kwa bahati mbaya kwenye kuruhusiwa kutoka wodini watu wengi wanakaguliwa mshono wa tumbo tu.

Tuje kwa mama. Mama yako anakupenda na anaogopa kama wewe, ila hapa hayuko sahihi. Sikiliza hili vizuri. Yai likisharutubishwa ndani ya mrija linasafiri kuelekea kwenye kizazi, safari ya kama siku 4 mpaka 5, halafu linajishikiza kwenye ukuta kwenye siku ya 6 mpaka ya 10. Mistari miwili inatoka baada ya hapo. Ina maana siku ile umekaa sakafuni unalia, mahali mimba ilipo palikuwa pameshaamuliwa tayari, kabla hujajua chochote. Kulia hakuihamishi. Kukesha na simu hakuihamishi, kunakuchosha wewe tu. Hata ndoo uliyobeba juzi, maana najua hilo nalo umeliwaza, haihamishi mimba. Na ile ya mwanzo hivyohivyo, karibu nusu ya wanawake wanaopata mimba nje ya kizazi hawana sababu yoyote inayoonekana, sio walifanya nini wala waliacha nini. Kama bado unatafuta kosa lako la miezi 14 iliyopita naomba uache kutafuta.

Sasa namba, maana najua unazitaka. Aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi mara moja, uwezekano wa kurudia kwenye mimba inayofuata ni kama 10%. Ni kubwa kuliko kwa mtu ambaye hajawahi, kwa watu wote kwa ujumla ni kama mimba 1 mpaka 2 kati ya 100, na ndo maana wewe unafuatiliwa mapema wakati wengine wanaambiwa waje baadae. Lakini igeuze uione kwa upande wake mwingine, mimba 9 kati ya 10 za watu wenye historia kama yako hazitungi nje tena. Najua utaniambia dada mimi nilishawahi kuwa yule mmoja kati ya mia, takwimu zina faida gani kwangu. Ni kweli na sitabishana na wewe. Mtu aliyeangukia upande mbaya wa namba mara moja haziamini tena kirahisi, ila zipo na ni za kweli hata usiku ambao huziamini.

Homoni yako imetoka 210 ikafika 452, imezidi mara mbili ndani ya siku mbili. Kwenye kiwango cha chini kama chako mimba inayokwenda vizuri inategemewa ipande angalau kama nusu yake ndani ya masaa 48, yako imepita hapo mbali, dokta wako hajakubembeleza. Ila nikwambie na la pili ili usije ukalisoma usiku mtandaoni ukazimia, namba peke yake haioneshi mimba iko wapi, kuna zilizotunga nje ambazo homoni inapanda vizuri tu kwa muda na kuna za ndani zinazopanda polepole. Mahali panaonekana kwa ultrasaundi.

Ndo nakuja kwenye kesho yako. Kama hauna maumivu makali na hutokwi damu, usiende kesho. Kwa homoni ya mia nne na kitu hata mashine nzuri ya kupitia ukeni kwa kawaida haioni kitu ndani ya kizazi, sio kwa sababu hakuna, ni kwa sababu ni kadogo mno. Kifuko cha mimba huwa kinaanza kuonekana karibu na wiki ya 5, kale kakifuko kadogo ka kiini ndani yake wiki ya 5 na nusu, na mapigo ya moyo kuanzia kama wiki ya 6. Ukienda kwa mtu asiyekujua atakwambia "hatuoni kitu kwenye kizazi", maneno hayohayo uliyoyasikia au ungeyasikia ile mara ya kwanza, na utarudi nyumbani na siku 9 mbaya kuliko hizi 10. Nimeona wanawake wakipitia hilo, mtu anaingia na wasiwasi anatoka na msiba ambao haupo. Dokta wako kuchagua wiki 6 na siku 3 ni kwa sababu anataka siku hiyo upate jibu na sio swali jingine. Kama siku 10 kweli haziendi, mpigie umuulize kama unaweza kurudia homoni katikati au ultrasaundi isogezwe siku chache, hilo ni ombi la kawaida kabisa kwa mwenye historia yako na halina aibu.

Vichomi vya kulia. Mrija ulitolewa lakini ovari ya kulia kwa kawaida inaachwa, na ovari iliyotoa yai mwezi huo inabaki na kauvimbe kadogo kanakotengeneza homoni ya kulea mimba, hako kanaweza kuchoma upande mmoja. Kizazi nacho kinatanuka, tumbo linajaa gesi, kovu linavuta. Vichomi vinavyokuja vikaondoka, ukilala vinapungua, vingi ni hivyo. Lakini sitaki mtu yeyote, hata mimi, akwambie maumivu yako ni mambo ya mimba changa bila kukuangalia. Kwa hiyo nitakuwekea mpaka ulio wazi. Maumivu ya upande mmoja yanayokaa au yanayozidi, maumivu ya nchani mwa bega, kizunguzungu au kuzimia, kutokwa damu, maumivu makali wakati wa haja kubwa, lolote kati ya hayo hutafakari, unaenda emergensi saa hiyohiyo, usiku au mchana, na ukisikia unataka kuzimia usijiendeshe wala kwenda peke yako. Lile bega lako lilikuwa linasema kweli, damu ikimwagika tumboni inachokoza msuli ule wa kupumulia na neva yake inapeleka maumivu begani, ndo maana bega linauma wakati ugonjwa uko chini.

Halafu chukua karatasi. Andika kwa herufi kubwa: NINA MIMBA YA WIKI 5. NILIWAHI KUPATA MIMBA NJE YA KIZAZI, IKAPASUKA. MRIJA WA KULIA UMETOLEWA. Chini yake andika grupu lako la damu na kama ni negativu uiseme hiyo pia, tarehe ya hedhi ya mwisho, majibu ya homoni na tarehe zake, na namba ya dokta wako. Ikunje, iweke pamoja na kitambulisho. Siku ukiumwa huna haja ya kushawishi mtu, unatoa karatasi. Nimekaa mapokezi ya wodi ya akina mama miaka mingi na nakuhakikishia mwanamke anayesema "tumbo linauma" na anayesema "niliwahi kupata mimba nje ya kizazi na sasa nina mimba na tumbo linauma" hawasubirishwi sawa. Hii karatasi haitibu mimba, inatibu ile hofu yako ya pili.

Unaona nilichofanya? Hatari nimeipa tarehe, namba ya simu na karatasi. Sasa hofu yenyewe nayo inataka mambo yake, usiitibu kwa vipimo maana hairidhiki, leo imekula vipimo vitatu kesho itataka sita.

Vile vya dirishani vitoe. Mstari wa kipimo cha mkojo unafifia ukinywa maji mengi, unatofautiana pakiti na pakiti, na homoni ikipanda sana baadhi ya vipimo mstari unaanza kufifia badala ya kukolea, yani utakuja kulia kwa sababu ya habari nzuri. Haviwezi kukwambia mimba iko wapi kwa hiyo mpe mume wako avifungie mbali, na vilivyobaki kwenye pakiti pia. Siku mbili za kwanza mikono itawasha, ya tatu inapungua.

Simu usiku ilale chumba kingine. Sio kwamba usisome kabisa, chagua muda mmoja wa jioni, sio kitandani, dakika 20, hizo ni za kuogopa. Kaa, andika kila unachoogopa hata cha kipumbavu, lia kama kilio kipo, muda ukiisha funga daftari unyanyuke ufanye kitu cha mikono. Wasiwasi ukija saa nne asubuhi unauambia nitakusikiliza jioni. Najua inasikika kama mchezo wa watoto, ila ni njia inayotumika kwenye tiba ya mazungumzo na nimeona inavyosaidia watu ambao dawa ya usingizi ilikuwa haiwashiki.

Kuhusu chooni, sikwambii usiangalie tishu, hilo hata mimi nisingeliweza. Angalia mara moja, ukiona hamna damu sema kwa sauti "hamna", vuta maji utoke. Kinachokumaliza ni ile ya kurudia, kuisogeza kwenye mwanga, kuigeuza. Na ukiona matone usianguke hapohapo, karibu mwanamke 1 kati ya 4 anaona damu kidogo miezi mitatu ya mwanzo na wengi wao mimba zinaendelea, ila wewe kwa historia yako unapiga simu siku hiyohiyo bila kusubiri, na kama sio matone tu au kuna maumivu unaenda emergensi kama nilivyosema.

Bafuni acha mlango wazi. Hamna haraka ya kuwa jasiri. Ukifika humo moyo ukaanza kwenda mbio weka kiganja kwenye ukuta, usikie ubaridi wake, vuta pumzi kwa kuhesabu 4, itoe taratibu kwa kuhesabu 6, kama unapuliza uji wa moto. Ni kutoa kwa muda mrefu ndo kunakoshusha mapigo. Mara tano au sita. Taja tarehe ya leo kwa sauti. Mwili unahitaji kuambiwa ni mwaka huu na sio ule.

Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa. Mimi mrija wangu ulikuwa wa kushoto, miaka mingi nyuma, na mimba iliyofuata nilienda ultrasaundi nikiwa nesi kamili najua kila kinachoonekana kwenye ile skrini, na bado nilifumba macho. Kilichoniua ni ukimya. Mpimaji alikuwa anapima hiki, anaandika kile, anabonyeza, dakika zinaenda hasemi, na mimi kwenye ukimya ule nilishajizika. Mimba ilikuwa ndani, mahali pake, alikuwa anapima urefu tu! Kwa hiyo siku yako ikifika, kabla hujapanda kitandani mwambie mpimaji hivi: niliwahi kupata mimba nje ya kizazi, naomba kabla hujapima kitu kingine uniambie kwanza iko wapi. Wengi watafanya hivyo, wanasahau tu kwamba mtu aliyelala pale anasoma uso wao.

Ikionekana iko ndani ya kizazi, hiyo hofu ya kwanza unaifunga. Kupata mimba moja ndani na nyingine nje kwa wakati mmoja kwa waliobeba kwa njia ya kawaida ni nadra mno, kama 1 kati ya 30,000. Ila usijishangae ukitoka pale ukafurahi masaa mawili halafu jioni ukaanza kuogopa kutoka kwa mimba, au moyo wa mtoto kusimama. Hofu inahama chumba. Wengi wanaanza kupumua vizuri wakishapita wiki waliyoumia, kwako wiki ya 7, wengine mpaka wasikie mtoto anacheza. Na kama homoni imeshapanda vya kutosha na mimba haijaonekana ndani, umewahi mapema, mara nyingi kabla ya kupasuka, wakati bado kuna njia za kutibu ambazo mara ile hukupata nafasi nazo. Haya ndo mafanikio ya kupima mapema, hata jibu baya halikukuti sakafuni.

Kama huli, hulali usiku mfululizo, picha za siku ile zinakuja hata ukiwa umekaa na watu, unaanza kukwepa kliniki, au umefikia kuona bora usingekuwepo, hayo usiyasubirishe mpaka ultrasaundi. Mwambie dokta kwa maneno hayohayo akupeleke kwa mshauri wa saikolojia. Na kama ulikuwa unatumia dawa za wasiwasi au sonona usiziache mwenyewe ghafla kwa kuogopea mtoto, uliza kwanza. Naomba uniandikie baada ya siku 10, jibu lolote litakalotoka.

SWALI

Dada, mi ni mwanaume na hii nimeiandika nikiwa nje ya nyumba. Mke wangu alipata mimba nje ya kizazi, sasa ana wiki 8 na ultrasaundi imeonesha iko ndani na moyo unapiga. Mi nilitaka kufurahi ila yeye hataki hata neno mtoto litajwe, nikitaja ananyamaza. Nikimwambia kila kitu kitakuwa sawa anakasirika. Na ukweli mimi mwenyewe usiku naamka kuangalia kama anapumua. Nafanyaje?

JIBU

Kaka, shukrani kwa kuandika, maana waume wa mambo haya hawaulizwi hali. Wewe ndo uliyembeba siku ile au uliyesubiri nje ya mlango wa thieta, na unavyoamka usiku ni kilekile kinachomfanya yeye asitaje jina la mtoto. Mnaogopa sawa, kila mtu na upande wake wa kitanda.

"Kila kitu kitakuwa sawa" iache. Yeye anaisikia kama umemfungia mlango, na anajua hauna uwezo wa kuahidi hilo. Muulize badala yake, leo unaogopa nini zaidi? Akikujibu usirekebishe, sema tu nimekusikia, na mimi naogopa hiki. Mwambie ukweli wa kuamka usiku. Unadhani utamwongezea mzigo, lakini mara nyingi mwanamke anayedhani mwenzie ameshasahau ndo anayenyamaza hivyo.

Kutotaja mtoto ni kujikinga, asipomtaja anadhani akimpoteza haitamuuma. Mwache kwa sasa. Furaha yako ina haki yake pia, kampe rafiki au ndugu mmoja unayemwamini, furahi huko kwa sauti, nyumbani furahi kwa mikono. Ujue grupu lake la damu, ujue tarehe za kliniki bila kuulizwa, simu iwe na chaji usiku, uwe umeshapanga nani atawapeleka hospitali kukitokea kitu saa nane za usiku. Na siku ya kliniki usibaki nje. Akiulizwa swali akashindwa kulijibu, wewe unayo majibu kwenye daftari.

SWALI

Mimi sikupasuliwa, nilichomwa sindano ya methotreksati, homoni ikashuka mpaka ikaisha. Naambiwa nisubiri miezi 3 ndo nijaribu tena. Nina miaka 37 na kila mwezi naona unapotea. Halafu nikijaribu naogopa, nisipojaribu naogopa. Kwa nini miezi 3?

JIBU

Dawa uliyochomwa inafanya kazi kwa kuzuia foliki asidi isitumike na seli zinazokua haraka, ndo namna ilivyoisimamisha ile mimba bila kisu. Foliki asidi hiyohiyo ndo mtoto anaihitaji wiki za mwanzo kabisa kutengeneza uti wa mgongo na ubongo. Kwa hiyo unaupa mwili muda dawa itoke na akiba irudi. Wakati wa sindano huwa tunawakataza kumeza foliki asidi, wewe homoni imeshaisha basi muulize dokta kama uanze sasa, kiwango cha kawaida kabla ya kubeba ni mikrogramu 400 kwa siku. Ukianza kuimeza utaona hata hiyo miezi haipotei, ina kazi.

Miaka 37 naielewa, siidharau. Kati ya waliopata mimba nje ya kizazi na wakajaribu tena, kama 65% wanabeba ndani ya miezi 18, na mrija mmoja unaweza hata kudaka yai lililotoka ovari ya upande wa pili. Kwa umri wako ukijaribu miezi 6 bila kitu nenda ukaonwe, usisubiri mwaka.

Na hiyo ya kuogopa ukijaribu na kuogopa usipojaribu, tumia miezi hii kuuliza maswali ambayo dada wa barua ya kwanza ameyauliza akiwa ameshabeba. Nenda kliniki sasa hivi ukiwa huna kitu tumboni, uliza nikipata mistari miwili nampigia nani, homoni napima siku gani, ultrasaundi nawekewa wiki ya ngapi. Andika majibu, na hiyo karatasi ibandike ndani ya mlango wa kabati unapoweka vipimo vya mkojo.